Ala ya kisu ya ngozi: vile mi naishona kwa mkono, kuanzia karatasi mpaka mafuta

Ala ya kwanza niliyoshona ilinikata mimi mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya boda hapa Kampala natoka Wandegeya naelekea Bwaise, kisu kiko kiunoni kwenye ala mpya ambayo nimejivunia nayo siku mbili tu, tukafika Kalerwe boda ikaingia kwenye shimo, nikasikia kitu kimenichoma pajani nikadhani ni ufunguo. Kushuka naangalia suruali, damu, na ncha ya kisu inachungulia kwenye mshono kama panya. Nyuzi zote za upande wa makali zimekatika. Kosa langu lilikuwa moja tu, sikuweka kipande cha katikati, niliona ni kupoteza ngozi bure.

Kwa iyo kama una haraka na hutasoma yote, ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu ya kipande cha katikati alafu urudi juu ukitulia.

Ala ninayosema hapa siyo ya muziki wala siyo ile "ala!" ya kushangaa, ni nyumba ya kisu, Waganda wanaiita kiraato. Naelezea ile rahisi kabisa ya ngozi kipande kimoja inayokunjwa, mgongo wa kisu unalala kwenye mkunjo na mshono unakaa upande wa makali, kisu kinazama mpaka karibu nusu ya mpini, haina kifungo haina kamba, ngozi yenyewe ndiyo inashika. Kisu cha mfano ni changu, cha springi ya gari kilichofuliwa Katwe, bapa sentimita 12, upana sentimita 3, mgongo milimita 4. Chako kikiwa tofauti badilisha vipimo lakini mpango ni uleule.

Sasa ngozi. Hapa ndipo watu wengi wanakosea kabla ata hawajashika sindano. Ziko aina mbili utakutana nazo, kuna iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromiamu na kuna iliyodabaghiwa kwa maganda ya miti kama muwati. Nyingi ya hapa kwetu inapita kwenye kromiamu, inatoka kiwandani ina rangi ya bluu na nyingi inaenda nje vilevile na bluu yake. Ni nzuri kwa handibegi, jaketi, sehemu ya juu ya kiatu. Kwa ala sitaki, maana haishiki umbo, unailowesha unaibana inakauka inarudi kuwa tambara, na chumvi zilizobaki ndani zinaweza kula chuma polepole we hujui. Ya maganda ndiyo yenyewe. Ikilowa inakuwa kama unga wa chapati uliokandwa vizuri, ikikauka inabaki pale ulipoiacha.

Utazijuaje? Angalia ukingo uliokatwa. Ya maganda ni kahawia toka juu mpaka chini, ya kromiamu mara nyingi ina kamstari ka bluu au kijivu katikati ata kama juu wameipaka rangi ya chai. Alafu dondosha tone la maji upande wa manyoya, yaani ule upande laini: ya maganda inanyonya na kuacha doa jeusijeusi, ile ingine maji yanakaa juu yanakuangalia. Muuzaji akikukatalia kudondosha maji jua mwenyewe.

Mjini hapa ukiuliza "ngozi ya ala" watakushangaa. Uliza ngozi ya soli kwa wanaouza vifaa vya viatu pale soko la Owino na vichochoro vyake, iyo ya soli kawaida ni ya maganda. Chukua ya milimita 3 au 3 na nusu. Ya 5 usichukue ata kama bei imeshuka, haitakunjika, itapasuka kwenye mkunjo. Mikanda ya zamani ya mtumba, ile minene ya ngozi kamili siyo ile ya tabaka mbili na karatasi katikati, inafaa sana kwa kipande cha katikati na kwa kitanzi. Kuna mtu aliniuliza kuhusu ngozi mbichi kama ile wanayovalisha ngoma kule Mpambire njia ya Masaka. Inawezekana, babu zetu walitumia iyo, lakini mvua ikiinyeshea inalegea na kunuka, na sisi hapa mvua ni karibu kila siku.

Vifaa siyo vingi. Kisu cha kukatia chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, gundi ya viatu ile ya njano, msasa wa namba 120, 240 na 400, nyundo, uma wa kulia chakula (ndiyo, uma, utaona), msharasi (kile chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi) au drili yenye biti ya milimita 1 na nusu, sindano mbili nene zenye ncha butu, uzi wa nailoni wa kushonea viatu, nta ya nyuki, na kipande cha jinsi iliyochakaa. Kama msharasi wako ni wa ndoano kama wa mafundi wa barabarani, tumia kutobolea tu.

Anza na karatasi ngumu, boksi la viatu linatosha. Ikunje, weka kisu ndani mgongo ukielekea mkunjo lakini usiuguse, acha kama milimita 5 kwa sababu ngozi ina unene na karatasi haina. Chora kufuata makali. Kutoka kwenye mstari huo ongeza milimita 2 za kupumua na sentimita 1 ya kipande cha katikati. Juu acha mpaka karibu nusu ya mpini. Kata, kunja, bana na vibanio vya nguo, ingiza kisu, alafu simama nayo kiunoni. Hapa usiwe mvivu. Mi nimeshakata ngozi nzuri nikakuta ala imegeuka, ni ya mtu wa mkono wa kushoto, na mtu wa mkono wa kushoto nyumbani kwetu hakuna. Karatasi unaweza kukata mara kumi, ngozi mara moja.

Ukiridhika chora kwenye ngozi na ukate. Wembe mpya, pita mara tatu nyepesi badala ya mara moja kwa nguvu, na mkono unaoshika rula vidole vikae nyuma ya njia ya wembe.

Kitanzi cha mkanda kinashonwa sasa, kabla hujafunga chochote, kwa sababu ukishafunga ala sindano haina pa kuingilia. Kata mstari wa upana wa sentimita 3, uuzungushe kwenye mkanda wako mwenyewe upime, ongeza kidogo, kunja, shona kwenye ule upande utakaogusa mwili. Ribiti zinapendeza lakini kichwa chake ndani kinakwaruza bapa kila ukichomoa, mi nashona tu kwa mraba.

Haya, kipande cha katikati. Ni mstari wa ngozi wa upana wa sentimita 1 unaofuata mshono wote toka mdomoni mpaka nchani, unakaa katikati ya kuta mbili. Kazi yake ni hii: ukichomeka kisu makali yanashuka yakisugua upande wa mshono. Bila kile kipande kinachokutana na makali ni uzi. Uzi hauna uwezo wa kubishana na kisu. Kikiwepo, makali yanakutana na ukingo wa ngozi nene milimita 3 na uzi umejificha nyuma yake kama mtu aliyejificha nyuma ya ukuta. Unene wake ukaribie unene wa mgongo wa kisu, mgongo wangu ni 4 na ngozi ni 3 na nusu, inatosha. Kisu chako kikiwa na mgongo wa 6 gundisha viwili. Nchani kipindishe kifuate umbo, na pale chini kabisa acha kanafasi kadogo wazi ka kama milimita 3, maji yakiingia yatoke.

Gundi. Kwanza kwaruza na msasa sehemu ya manyoya ya kile kipande, gundi haishiki kwenye ngozi laini. Paka pande zote mbili, nyembamba, iache dakika 10 mpaka 15 mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo ubandike. Watu wanabandika ikiwa mbichi alafu wanalalamika gundi ni feki. Fungua dirisha ule mvuke wake unaumiza kichwa. Paka ile sentimita 1 ya pembeni tu, gundi isiingie ndani kisu kinapopita. Kabla ya kukunja lowesha kidogo mstari wa mkunjo na sponji ili ngozi isipasuke. Bandika, gonga na nyundo polepole juu ya ubao, alafu sugua ukingo na msasa wa 120 mpaka tabaka tatu zionekane kama kitu kimoja. Iache ikae usiku mzima.

Matundu sasa. Chora mstari milimita 5 toka ukingoni. Shika uma, uukandamize kwenye mstari jino moja likiingia kwenye alama ya mwisho, meno yatakupa nafasi sawa, wangu unanipa kama milimita 5. Pima wako kwanza, uma zinatofautiana. Sasa toboa. Unene wote pamoja ni kama sentimita 1, msharasi ukiulaza kidogo tu mbele pako sawa nyuma mstari unaenda kama njia ya ng'ombe. Kwa iyo kama una drili weka ala juu ya ubao uliolala sawa, simamisha drili wima, toboa taratibu. Kama huna, toboa nusu toka mbele, geuza, toboa nusu toka nyuma. Inachukua muda.

Kushona. Hapa ndipo nilibishana na mzee mmoja fundi viatu aliyekuwa ananiachia nikae chini ya mwavuli wake mchana. Yeye anatumia msharasi wa ndoano, uzi mmoja uko chini, anachoma, anavuta kitanzi juu, anapitisha uzi wa pili, dakika tano kiatu kimeisha. Mi natoa sindano mbili naanza kuhangaika tundu kwa tundu. Akanitazama, akanitazama tena.

"Kijana wangu, unashona kisu ama unashona gauni la bibi harusi?"

"Nashona ala mzee, hii ya sindano mbili uzi mmoja ukikatika mwingine unabaki."

Akachukua, akauvuta mshono wangu kwa kucha, akachukua wembe wake akakata hatua moja katikati bila kuniuliza (nilikaribia kulia), akavuta tena. Haukutoka. Akakata ya kwake kwenye kipande cha soli, akavuta, ukafunguka hatua tatu. Hakusema kitu, alinirudishia tu ala yangu, na wiki iliyofuata nikamkuta anashonea kamba ya begi la mteja kwa sindano mbili.

Fanya ivi. Vuta uzi kwenye nta mara tatu nne mpaka uanze kunata. Funga sindano kila upande wa uzi. Chomeka kwenye tundu la pili toka mdomoni, vuta mpaka pande zote ziwe sawa, rudi tundu la kwanza, alafu anza kwenda chini, kwa iyo pale mdomoni uzi unakuwa maradufu, ndipo panapovutwa kila siku. Kila tundu sindano ya kulia inaingia kwanza, ya kushoto inafuata kwenye tundu hilohilo ikitoka upande wa pili. Ya pili inapoingia vuta kidogo ule uzi wa kwanza nyuma ili usiuchome katikati, ukiuchoma hautakaza tena. Vuta pande zote kwa nguvu sawa. Usibadilishe mpangilio, ukianza na kulia malizia na kulia, mshono utalala upande mmoja wote unapendeza wenyewe.

Urefu wa uzi: wengi watakuambia mara nne ya urefu wa mshono. Iyo ni kwa mkoba. Hapa uzi unapita kwenye unene wa sentimita 1 mara mbili kila tundu, hesabu mwenyewe, kwa hatua ya milimita 5 ni sentimita 3 za uzi kwa kila hatua, yaani mara sita kabla ata hujahesabu wa kushikia sindano. Mshono wangu ni sentimita 18, nakata mita 1 na nusu. Uzi uliniishia mara moja nimebakiza matundu manne na sitaki kuizungumzia.

Ukifika nchani rudi nyuma matundu matatu, kata, na unguza ncha za nailoni na kiberiti haraka. Gonga mshono na nyundo ulale.

Kinachofuata ni kuipa umbo. Futa kisu, kipake mafuta kidogo, kifunge kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, tabaka mbili (zile nyembamba zilipigwa marufuku toka 2009 lakini najua unazo). Kavera ni lazima, kwa sababu chuma kikikutana na ngozi ya maganda iliyolowa kinaacha madoa meusi kama wino, na kisu chenyewe kinashika kutu usiku mmoja. Zamisha ala kwenye maji ya kawaida au vuguvugu kama dakika moja, siyo ya moto jamani, maji ya moto yanaipika ngozi inajikunja. Toa, acha maji yachuruzike, ingiza kisu, alafu bana na vidole kufuata umbo la mpini, hasa pale mpini unapokutana na bapa, sugua na mgongo wa kijiko mpaka uone umbo limejichora. Hapo ndipo mshiko wote ulipo. Baada ya saa tatu nne ngozi imeshikilia umbo, chomoa kisu taratibu, iache ala ikauke kivulini siku moja, msimu wa mvua siku mbili. Juani hapana. Karibu na sigiri, lile jiko la mkaa, hapana kabisa, mi niliiweka moja pembeni ya sigiri ili niwahi mteja, ilirudi ngumu na ndogo kama mandazi ya juzi.

Kama unataka nyeusi usinunue rangi. Yale madoa meusi niliyosema ya chuma yanatokana na tanini iliyo kwenye ngozi ya maganda, kwa iyo tumia hilohilo kusudi: misumari yenye kutu au waya wa chuma wa kusugulia sufuria, tia kwenye chupa ya siki, kifuniko kilegee hewa itoke, iache wiki. Chuja, paka kwenye ala kavu, na itageuka nyeusi mbele ya macho yako. Isafishe na maji yenye magadi kidogo kuua asidi, kausha tena. Ngozi ya kromiamu tupu haitafanya ivo, ukiona umepaka na inakutazama tu basi yule muuzaji wa Owino amekushinda.

Ukingo: msasa wa 240, alafu 400, lowesha kidogo na kidole chenye maji, sugua na ile jinsi kwa nguvu mpaka usikie joto. Pitisha nta, sugua tena. Zile tabaka tatu zinapotea, unabaki na ukingo mmoja unaong'aa kama mbao. Mi hii sehemu naweza kuifanya jioni nzima nikisikiliza redio, wife anasema nasugua ala kuliko navyosugua masufuria, na ana haki.

Mafuta ya mwisho siyo ya kupikia, yale yataoza yanuke. Kwetu kaskazini tuna moo yaa, siagi ya shea, ile yetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na ndiyo natumia. Yeyusha sehemu moja ya nta na sehemu tatu za moo yaa kwenye kikopo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja kwenye moto nta inashika moto. Paka nyembamba kwa nje tu, mara moja, futa. Ukipaka kama unapaka mtoto losheni ngozi italainika na umbo lote uliloliumba litaondoka, ala inatakiwa iwe ngumu kidogo.

Siku za kwanza kisu kitabana. Acha kibane, kitajilegeza chenyewe, kuchomoa kwa kwanza fanya ukiwa umekaa na vidole visishike upande wa mshono wakati unachomoa. Ukienda mjini iache nyumbani au kwenye begi, askari wa mlangoni pale kwenye maduka makubwa hajali umeshona na sindano ngapi. Na kisu cha springi usikiache ndani ya ala wiki nzima kama hukitumii, ngozi inanyonya unyevu wa hewa na kuushikilia pale kwenye chuma. Changu kinalala kwenye msumari ukutani jikoni, na ala yake kwenye msumari wa pembeni.